Kwa nini 720,720 inamkataa mtu wa 17

Bukavu

Mwanangu,

Salamu nyingi toka nyumbani. Umeniuliza: sanduku la kikundi chenu cha akiba lina faranga 720,720, mkigawa kwa watu 12, 13, 14, 15 au 16 haibaki hata faranga moja, ila mkiwa 17 zinabaki 5. Kwa nini?

Itazame namba yenyewe. Ni 720 iliyoandikwa mara mbili, yaani 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Ndiyo maana namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo, tuseme 358,358, lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Nayo 720 ni 16 × 9 × 5. Basi mifupa ya namba yako ni hii: 2 nne, 3 mbili, kisha 5, 7, 11 na 13 moja moja. Hizo ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zile mlizoziita shuleni nombres premiers.

Idadi ya watu inapita ikikuta mifupa yake yote humo. 14 inataka 2 na 7, zipo: kila mtu 51,480. 16 inazikomba 2 zote nne, kila mtu 45,045, na kwa kuwa hiyo ni witiri, haigawanyiki kwa 2, 32 haipiti kamwe. 17 ni tasa na haimo. Lakini 18 inapita (40,040) na 20 pia (36,036). Kwa hiyo usidhani watu wamekuwa wengi mno.

Hapa wengi huteleza: namba ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, wanasema inagawanyika kwa 24. Jaribu 36. Kwa 4 sawa, kwa 6 sawa, kwa 24 zinabaki 12. Ile 2 iliyo ndani ya 4 na ndani ya 6 wameihesabu mara mbili.

Vigawanyo vyote vya 720,720, yaani namba zinazoigawa bila kubaki kitu, ni 240. Kila kigawanyo kinaundwa kwa kuchagua mifupa: ile 2 unaweza kuichukua mara sifuri hadi mara nne, njia 5. 3 njia 3. Nyingine nne njia 2 kila moja: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2. Vinakwenda viwili viwili, na jozi iliyokaribiana kuliko zote ni 840 × 858. Hiyo mimi naipenda tu, kwa sanduku haina kazi.

Kwa sanduku, taabu ni noti. Faranga 45,045 utamlipa nani pale sokoni Kadutu, na hiyo 5 ya mwisho utaitoa wapi? Kama watu wenu hawapungui 12 wala kuzidi 16, 11 haihitajiki, na 3 moja yatosha: 16 × 3 × 5 × 7 × 13 ni 21,840. Hizo zihesabu kuwa noti za 100, sanduku liwe na faranga 2,184,000. Watu 12 watapata 182,000 kila mmoja, 13 watapata 168,000, 14 watapata 156,000, 15 watapata 145,600, na 16 watapata 136,500.

Babako