Muulize Bibi Shamba: Maua ya chungwa kando ya uzio, yanaliwa?

*Shikamoo Bibi Shamba. Tumepanga nyumba hapa Columbus, Ohio. Ilipofika mwisho wa Juni, maua ya rangi ya chungwa yalichanua kando ya uzio mzima. Ua likifunguka asubuhi, kesho yake limesinyaa, ila jingine linashika zamu. Jirani yetu, mama wa Kichina, aliniomba ruhusa achume yale ambayo bado hayajafunguka, akaondoka na bakuli limejaa, akasema ni mboga. Mume wangu ameniambia nisithubutu. Kweli yanaliwa? Na mwenye nyumba anataka tuyapunguze, tuanzie wapi? – Mama Zawadi*

Marahaba, Mama Zawadi. Jirani yako anajua anachokifanya. Mumeo naye ana haki ya kuogopa, maana maua yanayofanana na hilo ni mengi na mengine yanaua.

Kwa unavyoeleza, hiyo ni deilili ya chungwa, Hemerocallis fulva. Asili yake ni Asia, kuanzia Uchina hadi Japani, na walowezi wa Ulaya ndio waliokuja nayo Marekani. Huku ninakoishi sasa na binti yangu, Maryland, utaikuta kwenye mitaro ya barabara za vijijini, na mara nyingine katikati ya pori, mahali palipokuwa na nyumba zamani. Nyumba imekwisha kuoza, maua bado yapo.

Kabla ya kuchuma chochote, inama uangalie chini. Majani ya deilili yote hutoka ardhini, marefu na membamba, yamejipanga pande mbili. Bua la maua hupanda katikati likiwa halina majani ya maana, hufika kiunoni au kupita, ndipo hugawanyika na kubeba matumba. Chimba kidogo: utakuta mizizi yenye vinundu vyeupe. Ukikuta shina nene la mviringo kama kitunguu, au ukaona bua limevaa majani kuanzia chini hadi juu, hiyo si deilili, huenda ni yungiyungi la kweli, liache. Lile la chungwa lenye madoa meusi ndilo linalowachanganya wengi.

Wanaopenda machipukizi ya majira ya kuchipua nawaambia hivi: usile chipukizi la mahali ambapo hukuwahi kuliona ua lake. Machipukizi ya narisisi na ya irisi, maua mengine ya bustani, yanafanana nayo sana, na yote mawili ni sumu.

Halafu muulize mwenye nyumba amepulizia nini kwenye uzio huo. Kama ametumia dawa ya kuua magugu, mazungumzo ya chakula yanaishia hapo. Ya mitaroni mimi siyagusi kabisa, magari na mapulizo ya barabarani yanatosha kunitia shaka.

Sasa jikoni. Kinachotafutwa hasa ni tumba, yaani ua lililonenepa na kuanza kupata rangi, ambalo lingefunguka kesho. Chuma asubuhi. Lichemshe dakika chache kwenye maji mengi, umwage maji hayo, ndipo uliunge. Usilile bichi. Wachina wenyewe huonyana juu ya matumba mabichi, kwa sababu yamewahi kusumbua watu matumbo. Mara ya kwanza onja machache tu, ukae hadi kesho uone tumbo linasemaje, na watoto wasubiri wakubwa waonje kwanza.

Ladha yake iko karibu na maharage machanga ya kijani, ila ina utamu na utelezi kidogo. Mimi huyakaanga na kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, nikayafunika dakika mbili, basi. Ugali unapita wenyewe. Mengine nayachovya kwenye unga wa dengu wenye bizari na pilipili, yanatoka bajia ambazo wajukuu wangu wanazimaliza kabla sijaketi. Kwetu Iringa tulikuwa tukichanganya maua ya maboga kwenye majani yake, kwa hiyo kula ua si jambo la kunishangaza.

Jirani yako huenda atayakausha. Duka lolote la vyakula vya Kichina huuza matumba makavu, marefu na ya manjano iliyofifia. Hayo kwa kawaida ni ya ndugu yake, deilili ya manjano, Hemerocallis citrina. Wilaya ya Yunzhou huko Datong, mkoa wa Shanxi, inasifika kwa zao hilo. Wakulima wake huingia shambani usiku na taa kichwani, wachume kabla ua halijafunguka, kisha huyapitisha kwenye mvuke na kuyaanika juani. Ukinunua, yaloweke kwenye maji ya vuguvugu, kata kile kikonyo kigumu, kisha yatie kwenye supu ya siki na pilipili pamoja na tofu, uyoga mweusi na yai lililokorogwa. Mwombe huyo mama akufundishe, atakupikia vizuri kuliko maelezo yangu.

Zile deilili za dukani za rangi za kila namna, nyekundu, zambarau, zenye marinda, zipande uzitazame. Zimezalishwa kwa ajili ya macho, hakuna aliyezichagua kwa ajili ya sufuria.

Kuhusu kuzipunguza: hiyo ya mitaani kwa kawaida haizai mbegu. Ina seti tatu za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, badala ya mbili, basi mbegu zinamshinda. Husambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, na kipande kilichobaki kinaweza kuota tena. Chimbeni kwa uma wa bustani, si kwa jembe linalokatakata, mtoe kila kinundu. Fanyeni hivyo maua yakishaisha au mapema majira ya kuchipua, na msiyatupe mtaroni wala porini, maana katika majimbo kadhaa tayari yanahesabiwa kuwa mmea vamizi. Patakapochipua tena, kata kila mara hadi mizizi ichoke. Na kulungu nao watakusaidia, wanapenda matumba hayo kuliko mimi.

*Bibi, nina paka wa ndani hapa Toronto. Rafiki kaniletea deilili kwenye chombo cha maua. Kuna shida? – Msomaji, Toronto*

Kubwa. Toa chombo hicho nyumbani sasa hivi, soma baadaye. Deilili na mayungiyungi ya kweli huharibu figo za paka, na hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya au maji ya chombo hicho yanatosha. Akianza kutapika au kukataa chakula usingoje kesho. Na kama umemwona akitafuna, usingoje hata dalili, mkimbize kwa daktari wa wanyama. Kwamba binadamu analila ua hili haimsaidii paka chochote.

*Shikamoo Bibi. Huku Muheza kuna ua la porini lenye petali nyekundu na manjano zilizojikunja kurudi nyuma, linatambaa juu ya vichaka. Nimesikia ua la namna hiyo linaliwa Uchina. Nichume? – Kijana wa Muheza*

Marahaba, mwanangu. Usichume! Ukiona ncha ya jani imejisokota na kushika tawi la jirani, hiyo ni Gloriosa superba. Deilili haipandi juu ya kitu. Hiyo yako ina kolchisini, kemikali ambayo hospitali huitoa kwa vipimo vidogo mno kutibu jongo, na kiazi chake kimeua watu Afrika na Asia pia, wengine wakidhani wamechimba kiazi cha kula. Waambie na wadogo zako wanaochunga huko. Ukitaka kuipanda kwa uzuri wake, ipande mbali na jiko na mbali na viazi vyenu, na unawe mikono ukishaishika.