Usilipie chumba cha Jambiani kabla hujatazama mwezi

Mkuu, simamisha malipo hayo leo, kisha ndipo uendelee kusoma. Umeandika kwamba wakala amekupatia nyumba tulivu ya wageni yenye vyumba vichache pale Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwamba atakupunguzia bei ukilipia siku zote nne kwa mkupuo bila kurudishiwa fedha, kwamba mtafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao, na kwamba mmepanga kuogelea kila asubuhi kuanzia saa tatu hadi saa sita. Nimehesabu: Ijumaa hiyo itakuwa mwezi kumi na sita kwa kalenda ya Kiislamu, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi uandame. Asubuhi zote mlizopanga kuogelea, bahari mnayoifuata itakuwa imekimbia au inakimbia.

Sizungumzii maji kusogea hatua chache. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe, na kati ya mwamba huo na mchanga pana eneo kubwa la maji ya kina kifupi. Siku za bamvuo, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bahari ya Zanzibar inaweza kukaribia mita 4, na eneo hilo hukauka kiasi kwamba wanawake hutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba yao ya mwani, mahali ambapo katika picha uliyotumiwa pana maji ya rangi ya feruzi. Saa zake nazo hazibahatishwi. Katika pwani yetu maji ya bamvuo hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku mtakayofika yatapwa kabisa karibu na saa tano asubuhi, kesho yake karibu na saa sita, na hadi siku ya mwisho yatakuwa yanapwa mchana, baada ya adhuhuri. Linganisha na ratiba yako uone.

Mimi nililipa yote. Ilikuwa safari ya kuadhimisha ndoa yetu, nikataka ionekane kwamba nimejipanga, na punguzo lile lilinipofusha. Kabla hamjanicheka, nieleze kwamba mimi ni mtu wa Dodoma, bahari nimeijua ukubwani, na sikuwa na mjomba mvuvi wa kunifundisha. Asubuhi ya kwanza tulitoka na mataulo tukakuta uwanja wa mchanga na majani hadi upeo wa macho, na baiskeli zikipita mahali nilipotarajia kupiga mbizi. Wakala alikuwa ametupangia pia ngalawa ya kwenda mwambani saa nne kamili, nayo ilikuwa imelipiwa. Nahodha, mzee mwenye adabu sana, aliisoma karatasi yetu, akaitazama ngalawa yake iliyokuwa imelalia ubavu mchangani, akauliza, “Safari hii kapanga nani?” Mama watoto alinitangulia kujibu: “Kapanga msomi.”

Hasara kubwa ilikuja baadaye, kwa sababu nilikataa kushindwa. Nilikodi teksi kutupeleka Kendwa, kaskazini kabisa ya kisiwa, ambako maji hayaendi mbali hivyo na mtu anaweza kuogelea karibu wakati wowote. Ni safari ya kukivuka kisiwa karibu chote, kwenda na kurudi, na tuliirudia kila siku hadi jumla ya nauli ikaipita bei ya chumba. Kwa maneno mengine, nililipia nyumba ya ufukweni ili iwe mahali pa kuwekea mabegi. Nyumba yenyewe sina neno nayo: paa la makuti, kibaraza chenye upepo, pweza wa nazi wa kukumbukwa, utulivu mtupu. Mwenye nyumba alikuwa radhi kutusogezea tarehe, ila fedha zilikuwa mikononi mwa wakala, naye alinisomea kifungu cha kutorudisha fedha kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mitihani.

Kuhusu wakala huyo, ambaye ofisi yake imejaa mabango ya bahari, nitasema moja tu ingawa ninayo mengi. Baadaye nilizirudia picha alizonitumia nikagundua kwamba katika zote vivuli vya minazi vimelala kuelekea baharini. Pwani inayotazama mashariki haiwezi kutoa vivuli vya namna hiyo asubuhi. Zote zilipigwa alasiri, katika saa ambayo bamvuo limejaa pomoni. Nilipomuuliza, alijibu kwamba maji ni kazi ya Mungu. Sibishi, lakini jedwali la kujaa na kupwa kwake huchapishwa mwaka mzima kabla, na siku hizi limo hata kwenye simu.

Kwa hiyo tazama mwezi kwanza, ndipo utazame chumba. Sogeza safari kwa juma moja, ufike mwezi ishirini na mbili au ishirini na tatu. Hayo ni maji mafu: hujaa karibu na saa nne asubuhi na kuendelea kuchelewa kuelekea adhuhuri, na hata yakipwa hayakimbii mbali kama ya bamvuo. Mwezi nane hadi kumi, kwa hesabu hiyohiyo ya mwezi mwandamo, ni vilevile. Bamvuo nalo lina watu wake. Anayetaka kuona kazi ya mwani, ambayo ilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 na hufanywa zaidi na wanawake, aende wakati huohuo wa maji kupwa, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na avae viatu.

Kama likizo yako haisogezeki, pindua ratiba. Asubuhi nendeni msitu wa Jozani. Kima punju hawaulizi habari za maji, na hifadhi hiyo ya taifa, yenye kilomita za mraba 50 hivi, haikwishi kwa saa moja. Nendeni pia Kizimkazi Dimbani mkaone msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Kuogelea kuwe jioni, na mjue kwamba nafasi hiyo ni ya siku mbili za kwanza tu, kwa kuwa kuanzia ya tatu maji yatajaa wakati wa magharibi.

Uliuliza pia kuhusu usafiri wa kutoka Mjini Zanzibar: daladala ya Jambiani ni namba 309. Mengine uliyouliza, chandarua na nini sijui, watakujibu wengine.

Ila mpigie mwenye nyumba mwenyewe, siyo wakala, umuulize: mwezi kumi na sita, saa tano asubuhi, maji yatakuwa wapi? Ukitumiwa picha badala ya jibu, angalia kivuli cha mnazi kimelalia upande gani.