Maswali na majibu: faini usiyoikubali na askari aliyekukosea, kwa wasomaji wa Tanga

Maswali yaliyotufikia safari hii kutoka Tanga mjini, Muheza na Pangani yana ugonjwa mmoja: karibu yote yanachanganya mambo mawili. Kuna faini yenyewe, yaani kosa ulilotenda au hukutenda. Halafu kuna namna askari alivyokutendea: alikutukana, alikupiga, alikuomba hela. La kwanza linaamuliwa na ofisi ya usalama barabarani, na likishindikana huko, na hakimu. La pili linapelekwa kwa wakubwa wa askari huyo na kwa vyombo vilivyo nje ya polisi. Ukiyaweka yote katika barua moja yenye hasira, anayeisoma atajibu lile jepesi na kuliacha zito. Andika barua mbili.

Nilisimamishwa Pongwe nikitokea Muheza, nikaambiwa tochi, yaani kile kipima mwendo cha askari, imenipiga 64 kwenye 50. Kibao sikukiona. Kesho yake nilirudi nikakuta matawi yamekifunika. Nimeandikiwa 30,000, sijalipa. Nifanyeje? (Dereva wa Noah, Muheza)

Umefanya vyema kutolipa kwanza. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, faini ya papo kwa papo ni nafasi unayopewa ya kumaliza jambo bila kwenda mahakamani. Ukilipa umekubali kosa, na hutashtakiwa tena kwa kosa hilo. Kwa hiyo anayetaka kupinga hapingi akiwa ameshalipa. Ila usikae tu na karatasi mfukoni: una siku 7 za kulipa, zikipita deni linaongezeka, na gari lenye deni likikaguliwa mbele linaweza kuzuiwa. Barua yako ifike ndani ya siku hizo.

Sasa ushahidi. Rudi pale mapema, kabla mtu hajayafyeka hayo matawi. Piga picha tatu: ya kwanza ukiwa umeegesha mbali kidogo, usawa wa macho ya dereva anayetokea Muheza, ionyeshe kwamba kibao hakionekani, ya pili ya kibao chenyewe kwa karibu, ya tatu ionyeshe kibao pamoja na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au duka, ili mtu wa ofisini ajue ni wapi. Simu nyingi huhifadhi tarehe na mahali ndani ya picha, basi usiitume kwa WhatsApp halafu ukaifuta ile ya asili, maana taarifa hizo hupotea njiani.

Halafu omba kuonyeshwa picha ya tochi. Usiulize tu kama mwendo ulikuwa 64. Angalia namba ya gari inasomeka, angalia saa, angalia mahali, na angalia kama kuna gari jingine sambamba na lako. Madereva wengi hupigwa tochi na askari mmoja na kusimamishwa na mwingine kilomita kadhaa mbele, na hapo katikati ndipo gari la mtu mmoja huchukua kosa la gari la mwingine. Ukionyeshwa picha nawe ukaona ni wewe kweli, na kibao kilikuwa wazi, tunakushauri ulipe. Kupinga kosa la kweli kunawaharibia wale wenye hoja.

Barua yako iende kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa (RTO), ukipenda kupitia wa wilaya. Barabara ya Segera hadi Tanga iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, basi wapelekee nakala yenye picha ya kibao. Ingekuwa mtaa wa Ngamiani ungewaandikia TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Faini hawatakufutia wao, hiyo si kazi yao. Lakini wakijibu kwa maandishi kwamba kibao kilifunikwa, au wakienda kukisafisha, umepata shahidi wa serikali.

Wakikataa, unaweza kusema unataka shauri liende mahakamani. Huko utasomewa shtaka, utalikana, na upande wa mashtaka ndio utakaopaswa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Jua pia ubaya wake: hakimu hafungwi na 30,000 za barabarani, utapoteza siku za kazi, na usipotokea tarehe uliyopangiwa anaweza kutoa hati ukamatwe. Kwa kibao kilichofunikwa na picha za siku inayofuata, sisi tunaona hoja ipo. Kwa "sikukiona" tupu, haipo.

Nataka kuuza gari, mnunuzi kaangalia kwenye mtandao wa madeni ya trafiki kakuta faini ya Mwanza. Gari langu halijawahi kuvuka Korogwe. (Msomaji, Kange)

Kuna sababu mbili za kawaida. Ama askari alikosea herufi moja ya namba, ama kuna gari linatembea na namba yako. La kwanza ni usumbufu, la pili ni hatari, kwa sababu siku gari hilo likigonga mtu, atakayetafutwa ni wewe.

Chapisha ukurasa wa deni kama ulivyo, wenye tarehe, mahali, aina ya kosa na kumbukumbu namba. Angalia aina ya kosa kwanza. Gari dogo lililoandikiwa kosa la kuzidisha abiria wa basi ni kosa la uandishi hilo. Kisha tafuta kinachoonyesha gari lilikuwa wapi siku hiyo: risiti ya mafuta, karatasi ya gereji, ushuru wa stendi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina tarehe na saa, ni nzuri kuliko barua ya jirani. Peleka vyote kwa RTO Tanga pamoja na nakala ya kadi ya gari, uombe wawasiliane na mkoa ulioandika. Kama dalili ni namba bandia, fungua taarifa kituoni upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na RB hiyo uipeleke TRA. Mnunuzi asubiri. Usilipe ili biashara iishe, kwa sababu ukilipa umekubali kwamba gari lako lilikuwa Mwanza.

Shikamooni. Mimi ni bodaboda wa Makorora. Nilibeba mishkaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kosa nalikubali, ila nimeandikiwa 30,000. (Bodaboda)

Marahaba. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Tazama karatasi yako: kama makosa yaliyoorodheshwa ni matatu, kwa mfano mishkaki, kofia ngumu na bima, basi 30,000 ni sahihi. Kama ni moja, huenda umeingizwa kwenye mfumo kama gari. Nenda na kadi ya pikipiki kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya kabla hujalipa. Na kama kuna kosa unalolikubali na jingine unalikana, lisemee kila moja peke yake.

Askari alisema tuyamalize hapo hapo, akanipa namba ya simu nitume 10,000. Nilituma. Sasa najuta. Naweza kulalamika au nitajifunga mwenyewe? (Dereva wa daladala)

Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea, hatutakuficha. Lakini kuombwa hela barabarani na mtu mwenye mamlaka ya kukuzuilia gari si sawa na kumfuata kumhonga, na anayejitokeza kueleza mapema yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa. Piga 113, ni namba ya bure ya TAKUKURU, au nenda ofisini kwao. Usifute ujumbe wa muamala: una jina la mpokeaji, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala, na jina hilo huenda si la askari bali la wakala au ndugu yake. Hiyo ndiyo kazi ya wachunguzi, si yako.

Kwa siku nyingine: faini ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba yenye tarakimu 12, zinazoanza na 99. Namba ya simu ya mtu si malipo ya serikali hata siku moja, hata kama anayekupa amevaa sare. Na ukiombwa hela kabla hujatoa, hapo ndipo taarifa yako ina nguvu zaidi, kwa sababu TAKUKURU wanaweza kuandaa mtego.

Mwanangu alikamatwa Ijumaa jioni na pikipiki isiyo na bima, wakabishana na askari, akawekwa ndani. Kituoni wanasema hakuna dhamana mpaka Jumatatu, na "dhamana ina gharama zake". (Mama wa Mabawa)

Pole sana mama. Kwanza, dhamana ya polisi ni bure. Hakuna fomu ya kununua wala hela ya karatasi. Pili, dhamana haijui wikiendi. Mahakama ndiyo hufungwa, kituo hakifungwi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa bila hati, ikionekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Kukosa bima ya pikipiki si kosa zito.

Nenda na watu wawili wa kumdhamini, wawe na vitambulisho vya NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Usianze na askari wa kaunta, muulizie mkuu wa kituo (OCS). Muulize mambo matatu, kwa upole, huku ukiandika mbele yake: anashikiliwa kwa kosa gani, aliingizwa saa ngapi, na kwa nini hapewi dhamana. Ukijibiwa "kumshambulia askari" badala ya bima, hilo ni shtaka jingine kabisa. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kabla kijana hajaandika maelezo yoyote. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki akiwa ndani. OCS akikataa bila sababu, panda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD), siku hiyo hiyo.

Na yale mabishano ya barabarani, mweleze kijana, ndiyo yaliyomlaza ndani. Bima peke yake ingeishia kwenye faini.

Nilipigwa makofi mbele ya abiria, sikio linauma. Nilalamike wapi, na barua inaandikwaje? (Kondakta, barabara ya Pangani)

Anza na sikio, si barua. Chukua PF3, fomu ya polisi ya aliyeumizwa, kituo cha polisi, na kama hutaki kurudi kituo cha askari huyo nenda kingine, halafu uende hospitali ya Bombo. Daktari aandike alichokikuta. Kiwambo cha sikio kilichopasuka kinaweza kuanza kujiziba chenyewe, na ukichelewa wiki mbili ataandika kidogo au asiandike kitu. Papo hapo chukua namba za simu za abiria wawili watatu walioona. Wiki moja mbele hutawapata.

Barua mwandikie Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC), nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ipo kwa mujibu wa Katiba na haitozi hela kupokea malalamiko. Iwe ukurasa mmoja. Mfano wa aya ya kwanza:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ASKARI NAMBA ___. Tarehe ___ saa 1:40 asubuhi, eneo la ___, askari tajwa alisimamisha gari namba T ___. Nilipomuuliza kosa, alinipiga kofi mara mbili upande wa kushoto. Waliokuwepo ni ___ na ___. Naambatisha nakala ya PF3. Naomba uchunguzi ufanyike na nijulishwe matokeo kwa maandishi."

Basi. Usiandike "askari wote wa Tanga ni wanyama", na usitaje faini humo. Kama hukuiona namba yake kifuani, andika muda, mahali na namba ya gari lao. Orodha ya zamu ipo na wao wataijua. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Wengi huiacha barua mezani kwa mtu, kisha mwezi mmoja baadaye wanaambiwa haikuonekana.

Ukitaka fidia, jua kwamba kuishtaki serikali kunatanguliwa na notisi ya siku 90. Hapo tafuta wakili.

Mgambo wa jiji wamefunga mnyororo bajaji yangu karibu na soko la Ngamiani wakidai 50,000. Nimlalamikie RTO? (Msomaji)

Hapana, RTO hana amri juu ya mgambo. Wao wanasimamia sheria ndogo za jiji. Waombe wakutajie ni sheria ndogo ipi na wakupe kumbukumbu namba ya malipo. Wakishindwa, malalamiko ni kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa diwani wako.

Naweza kumrekodi askari kwa simu? (Wengi)

Ukirekodi, fanya ukiwa umetulia, simu isiwe usoni mwake, na usimzuie kufanya kazi yake. Kinachotuhangaisha zaidi ni kinachofuata. Mtu akishapata video anaikimbiza kwenye makundi na maelezo ya kuongezea chumvi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo. Nakili video nzima, bila kuikata mwanzo, kwenye flashi, uiambatishe na barua yako. Ile ya asili ibaki kwenye simu.