Hela ya kikundi isikae kwenye simu ya mtu

Dada wa Tandahimba, umeuliza kikundi chenu cha kutetea wajane wanaonyang'anywa mikorosho kitapataje hela na muanzie wapi. Kwanza toeni hela kwenye simu ya mweka hazina, leo leo, hata awe mwaminifu vipi, maana simu ikipotea mtaanza kuangaliana vibaya. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii halmashauri na katiba na muhtasari wa kikao mjiandikishe, cheti kikitoka fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu.

Sisi huku Masasi tulikuwa na kauntabuku tu, kila anayechukua nauli ya kumsindikiza mama baraza la ardhi anaweka sahihi au dole gumba, risiti tunazibana na pini ukurasa huohuo, na hiyo kauntabuku ndo ilitupatia mfadhili wa kwanza, aliifungua akakaa kimya anasoma.

Michango kusanyeni Oktoba mpaka Desemba hela za mnada wa korosho zikiingia, mwezi wa nne humpati mtu. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, achaneni nayo kwa kazi hii jamani, ile inarejeshwa na kesi ya mjane haizalishi hela.