Konsonanti za lugha yako ya kubuni: usiokote tu kila sauti unayoipenda

Kama ndo unaanza kubuni lugha yako najua utakachofanya, utafungua chati ya sauti uanze kuokota, hii tamu, hii inatisha, na vidoko (zile sauti za kualisha ulimi) viwili vitatu juu maana vinasikika kibabe. Mimi lugha yangu ya kwanza ilikuwa na konsonanti 41 nikajiona fundi kweli, siku naombwa niseme sentensi moja tu ulimi ukagoma. Lugha yangu mwenyewe jamani!

Wingi peke yake sio kosa, Kiubykh, lugha ya Kaukazi iliyokwisha kufa, kilikuwa na konsonanti zaidi ya 80 na watu walikiongea vizuri tu. Kosa langu niliokota moja moja, wakati konsonanti zinatembea kiukoo. Angalia p, t, k na pacha zao b, d, g, mdomo unakaa vilevile, tofauti kubwa ni mtetemo wa koo (weka vidole kooni sema fff halafu vvv utaelewa hii habari ya ghuna (yenye mtetemo) na sighuna (isiyo nao) kuliko darasa zima). Kwahiyo chagua mkao, chagua namna ya kutoa hewa, ukoo ujijaze wenyewe, halafu ndo utoboe mapengo. Na mapengo yana sehemu zake. Kiarabu sanifu kina b ila hakina p, kina k ila hakina g. Ya g inaeleweka, hewa inazibwa nyuma kabisa kwenye kaakaa laini, nafasi kati ya hapo na koo ni ndogo, inajaa fasta na mtetemo unakata. Ukikosa g hakuna atakayeshtuka, ukiwa na b na g halafu d haipo, hapo jiandae kuulizwa.

Kuvunja utaratibu ruksa kama una sababu. Marc Okrand, mbunifu wa Kiklingon, lugha ya filamu za Star Trek, aliweka t ya kawaida halafu D yake ulimi unakunjwa kwenda nyuma, haziendani, ila ile ni lugha ya viumbe wasio binadamu kwahiyo alitaka iwe hivyo. Kama yako ni ya kuongewa na watu, angalia Kiesperanto, lugha ya kubuni ya 1887, ile ĥ yake (kh ya kukwaruza koo) wasemaji wenyewe waliikimbia, ĥemio ikawa kemio. Toki Pona, nayo lugha ya kubuni, ina konsonanti 9 tu na inajitosheleza.

Kingine ambacho wageni wengi wanakiruka: sauti inaruhusiwa kukaa wapi. Kiingereza wanayo ng' yetu kabisa, ila kwao haianzi neno, ndo maana mtu anaweza kusema king vizuri tu halafu ng'ombe ikamshinda. Orodha ileile ukibadilisha sheria za kukaa unapata lugha nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ladha ya lugha iko hapa zaidi kuliko kwenye sauti za ajabu.

Mwisho wa siku jirekodi kwa simu, maneno 30, kaa siku mbili usiyaguse, kisha sikiliza uandike unachosikia bila kuchungulia. Sehemu utakazokosea ndo sauti zilizobanana sana, mimi q (k ya nyuma zaidi kooni) na k zilinichanganya mara 11 kati ya 30 nikaifuta q kwa uchungu. Sasa hivi niko na 17, na kuna gh moja hivi naitazama kwa jicho baya.