Maswali ya mafundi: mafuta ya kula kwenye lethi

Shikamoo fundi. Nikikata nyuzi za bolti kwenye lethi (mashine inayozungusha chuma kikatwe na kisu) kwa kupaka mafuta ya alizeti, naona zinatoka safi kuliko nikitumia mafuta ya mashine. Ni kweli au macho yangu tu? (Morogoro)

Marahaba. Ni kweli. Molekuli ya mafuta ya mimea ina upande unaong'ang'ania chuma, kwa hiyo hufanya utando usiosukumwa kando kirahisi hata kisu kikikandamiza. Mafuta ya madini, yaani yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, yakiwa matupu, hayana mshiko huo. Ndiyo maana viwanda huyatia salfa au fosforasi. Utando huo unalipa pale kazi inapokwenda polepole kwa nguvu nyingi: tapu (kifaa cha kukata nyuzi ndani ya tundu), kutoboa, chuma kisichoshika kutu. Lakini kisu cha kabaidi (kile kigumu kuliko cha chuma cha kawaida) kikikimbia kasi, adui ni joto, na hapo maji hayana mpinzani: kilo moja ya maji hubeba joto karibu mara mbili ya kilo ya mafuta. Usitegemee alizeti ipoze.

Nitumie ya nazi au ya alizeti? (Arusha)

Ya nazi haichachi upesi, ila huganda kwenye nyuzijoto 24 hivi, na asubuhi ya Julai huko kwenu utaikuta imekuwa jiwe. Alizeti ya kawaida haigandi, lakini hushika hewa na kugeuka gundi kwenye reli za mashine. Mimi ningechukua alizeti, kwa sharti moja: mashine ifutwe kabla ya kufunga karakana. Ya nyonyo ni nzito mno kwa kumwagia. Kwa tapu ni nzuri sana.

Na yaliyokwisha kukaangia chipsi?

Hapana. Yameshaanza kuharibika, na chumvi yake italeta kutu.

Bei ya lita inanitisha. (Singida, kwenye alizeti kwenyewe!)

Inatisha ukiyamwaga kama maji. Mitambo ya kupuliza mafuta machache kwa hewa hutumia kiasi cha mililita 10 hadi 100 kwa saa, wakati bomba la kumwagia hutoa lita kadhaa kwa dakika. Usipokuwa na mtambo, brashi inatosha.

Kijana wangu ametokwa na upele mikononi kwa yale maji meupe ya lethi (maji ya kupozea yaliyochanganywa na mafuta). Nikihamia mafuta ya mimea atapona? (Thika)

Huenda akapata nafuu, maana maji meupe yana sabuni inayokausha ngozi na dawa za kuua bakteria. Lakini chembe za nikeli na kobalti zitokazo kwenye chuma na visu pia huwasha, na hizo zitabaki. Mpeleke kwa daktari, na akome kunawa kwa petroli. Kuhusu mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri, jambo hili si la kubishania: yanasababisha saratani, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, waliugua saratani ya ngozi ya korodani kwa kuloweshwa nayo kila siku. Hata ya mimea, moshi na mvuke wake usivutwe.

Kwa kuwa ni ya mimea, nikiyamaliza nimwage mtaroni?

Usithubutu. Yana chembe za chuma, na yakioza mtoni hula hewa ya samaki. Yachuje, uyatumie tena. Na matambara yaliyolowa alizeti usiyarundike pembeni: hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka. Yaweke kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko.