Barua kwa mwanangu: ua la manjano la kinamasini

Lindi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata pamoja na zile picha nne, nami nimezitazama kwa muda mrefu hapa barazani kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza ni ua gani lile la manjano lililotanda kando ya kinamasi karibu na chuo chako huko Michigan mwezi huu wa Septemba, na kama kweli ni alizeti ya mwituni kama wenzako wanavyosema. Kwa macho yangu si alizeti, ingawa ni wa ukoo mmoja nayo, na ndugu yake mwingine unamjua tangu ulipokuwa mdogo.

Rangi iache kwanza, kwa sababu katika familia ya alizeti manjano ni ya wengi mno. Anza na majani. Katika picha ya pili yamekaa mawilimawili yakikabiliana, hayana vikonyo, vitako vyake karibu vinagusana kulizunguka shina, na kingo zake zina meno kama msumeno. Hilo peke yake linauondoa mmea uitwao Helenium autumnale, ambao nao hupenda majimaji na huchanua majira hayohayo. Majani yake hupishana, vitako vyake hushuka kandokando ya shina kama mbawa nyembamba, na kila petali huishia kwa meno matatu.

Kisha ligeuze ua ulitazame kwa nyuma, jambo ambalo nilikuwa nikiwasisitizia sana wanafunzi wangu nilipokuwa nikifundisha baiolojia. Utaona safu ya nje ya vijani vya kijani vilivyotawanyika, vingine virefu kupita petali, na ndani yake safu ya pili iliyo nyembamba. Tena maua yaliyokomaa katika picha ya mwisho yameinamisha vichwa. Dalili hizi zote zikiwa pamoja, naamini huo ni mmea uitwao Bidens cernua, jina alilolichapisha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Bidens kwa Kilatini ni mwenye meno mawili, na cernua ni ule ulioinama.

Meno yenyewe yako kwenye mbegu, na hapo ndipo utakapomkumbuka ndugu niliyemtaja. Ni kishona nguo, mwanangu, kile ulichokuwa ukirudi nacho kwenye sketi ya shule kila ulipokatiza bonde la mto Lukuledi, nami nikakaa usiku kukichomoa kimoja kimoja kwenye mwanga wa kibatari. Kila mwiba wa mbegu yake una vinyweleo vigumu vilivyoelekea nyuma, kama kijino cha ndoana, ndiyo maana huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Mbegu ya kishona nguo kwa kawaida ina miiba miwili au mitatu, ilhali ya huyu wa kinamasini mara nyingi ina minne.

Kwa hiyo usiseme jina kwa uhakika mpaka maua yakauke. Rudi pale Oktoba, uchukue mbegu za katikati ya kichwa, kwani kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi, na vile vya pembeni vyenye petali, katika mmea huu, havizai. Hesabu miiba ya mbegu kumi kwa kioo cha kukuzia, si ya moja tu, maana idadi hubadilikabadilika.

Ukimaliza, zipige picha kando ya rula unitumie, lakini mbegu zenyewe usinitumie hata kama nitatamani kuzishika. Hicho kishona nguo chetu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na leo tunakipalilia chini ya mikorosho kila msimu. Kabla hujaondoka pale kinamasini, kagua pia soksi zako na pindo la suruali.

Mama yako akupendaye